Finasteridi, dutasteridi au minoksidili: dawa ipi ikufae kwa upara wa kurithi?

Mara nyingi mwanamume si wa kwanza kuuona upara wake. Huonwa kwanza na wengine: kinyozi anayepunguza mwendo wa mashine akifika utosini, ndugu anayepiga picha akiwa amesimama juu ya ngazi. Halafu usiku mmoja mwenyewe anashika vioo viwili, kimoja mbele na kimoja nyuma, anaona ngozi pale alipodhani pana nywele. Kesho yake anaanza kusoma kuhusu dawa, na baada ya saa moja amechanganyikiwa kuliko mwanzo. Huyu anaapa kwa kidonge, yule anasema kidonge kilimmaliza nguvu za kiume, wa tatu anapaka maji asubuhi na jioni na kichwa chake kimejaa.

Makala hii ni ya mtu huyo. Naziweka mezani dawa nne ambazo madaktari wa ngozi huziandika zaidi kwa upara wa kiume: finasteridi ya kidonge, dutasteridi, minoksidili ya kupaka na minoksidili ya kumeza. Niseme mapema kwamba mimi mwenyewe napaka minoksidili, huu mwaka wa sita. Nimejitahidi isipendelewe kwa sababu hiyo, maana aliye na moyo mbovu, anayetafuta mtoto na kijana wa miaka 22 hawawezi kupewa jibu moja.

Kabla ya kuchagua, hakikisha ndio ugonjwa wenyewe

Dawa hizi ni za upara wa kurithi, ule unaoanzia panjani au utosini na kusogea polepole kwa miaka. Nywele hazing'oki tu, bali huwa nyembamba. Kila mzunguko wa kuota unatoa unywele mfupi na mwembamba kuliko uliotangulia, mpaka unabaki kama kinyweleo laini cha mwilini tu.

Nywele zikikatika kwa mabaka ya duara, zikitoka kwa wingi ghafla baada ya homa kali au operesheni, ngozi ikiwasha, ikichubuka au kuacha kovu linalong'aa, huo huenda ni ugonjwa mwingine kabisa. Mabaka yanaweza kuwa choa, na choa hutibiwa kwa dawa ya fangasi. Kovu likishaua shina la unywele, hakuna dawa hata moja kati ya hizi nne itakayolirudisha. Ndiyo maana nasisitiza daktari akuangalie kichwa kwa macho yake kabla ya kuandika chochote. Fomu ya maswali kumi kwenye simu haiwezi kuona kovu.

Mambo niliyolinganisha

Kwa kila dawa nimeuliza maswali yaleyale: inafanyaje kazi mwilini, ushahidi wake una uzito gani, inaweza kukudhuru vipi, inakudai nini kila siku, na ukiiacha nini kinafuata. Bei sikuiweka, kwa kuwa inatofautiana mno. Ila uikumbuke kwa hesabu ya miaka, si ya mwezi mmoja.

Zinavyofanya kazi

Mwaka 1942 mwanasayansi Mmarekani, James Hamilton, alieleza kwamba wanaume waliohasiwa kabla ya kubalehe hawaoti upara, na kwamba wakipewa homoni ya kiume, wenye asili ya upara huanza kuupata. Kwa hiyo homoni ilihusika. Lakini ipi hasa? Jibu lilikuja miaka ya 1970 kutoka Jamhuri ya Dominika. Huko, Julianne Imperato-McGinley na wenzake walichunguza familia ambazo baadhi ya watoto wa kiume huzaliwa na maumbile yanayofanana na ya kike, kisha hubadilika wakibalehe. Walikosa kimeng'enya kinachogeuza testosteroni, homoni ya kiume, kuwa dihidrotestosteroni, yaani DHT. Walipokuwa watu wazima, tezi dume zao zilibaki ndogo na hawakupata upara wa kiume. Finasteridi ilibuniwa kuiga hali hiyo, kwa kiasi fulani, ndani ya mwili wa mtu mzima.

Finasteridi huzuia zaidi aina ya pili ya kimeng'enya hicho, na hushusha DHT ya damuni kwa takriban 70%. Dutasteridi huzuia aina zote mbili na kuishusha kwa zaidi ya 90%. Hizi mbili ni dada: zinagusa chanzo.

Minoksidili haigusi homoni hiyo. Ilianza kama kidonge cha shinikizo la damu, Loniten, kilichoidhinishwa Marekani mwaka 1979. Madaktari wakagundua wagonjwa wanaota nywele hata pasipotakiwa. Inapanua mishipa ya damu na kurefusha kipindi cha unywele kuota, ijapokuwa namna inavyofanya hivyo kwenye shina lenyewe haijaeleweka yote. Ili ifanye kazi, lazima kimeng'enya kilichomo kichwani kiigeuze kwanza kuwa minoksidili sulfati, umbo lake linalofanya kazi. Wenye kimeng'enya hicho kidogo hawapati kitu kikubwa kwa kupaka, wajitahidi vipi.

Tofauti hii ndiyo msingi wa yote. Finasteridi na dutasteridi hufunga bomba linalovuja, minoksidili inajaza ndoo. Ndiyo sababu madaktari wengi huandika moja ya upande huu na moja ya upande ule kwa pamoja, pale mgonjwa anapozimudu.

Ushahidi, na matarajio ya kweli

Finasteridi ya miligramu 1 iliidhinishwa Marekani kwa upara mwaka 1997, kwa jina la Propecia. Imefuatiliwa kwa muda mrefu kuliko wenzake. Katika majaribio ya miaka 5, picha za wanaume walioimeza zilionyesha 48% wameongeza nywele na 42% wamebaki walipokuwa. Kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa, 75% walikuwa wamepoteza nywele. Tazama hiyo 42%. Mtu aliyebaki palepale kwa miaka 5 hujiona hajapata faida, kumbe mwenzake asiyetumia ameshapoteza. Faida kubwa ya dawa hii haionekani kwenye kioo, kwa sababu ni nywele ambazo hazikuondoka.

Dutasteridi ya miligramu 0.5 ilisajiliwa kwa tezi dume kwa jina la Avodart. Kwa upara imeidhinishwa Korea Kusini tangu 2009 na Japani tangu 2015. Marekani haina idhini hiyo, daktari akiiandika huwa anaitumia nje ya idhini. Jaribio la wiki 24 lenye wanaume 917, lililochapishwa 2014, lilionyesha inaongeza idadi ya nywele kuliko finasteridi. Nguvu ipo, lakini haijafuatiliwa kwa wanaume wenye upara kwa miaka mingi kama finasteridi.

Minoksidili ya kupaka ya 2% iliidhinishwa Marekani kwa wanaume mwaka 1988, kwa jina la Rogaine, na ile ya 5% ikafuata mwaka 1997. Katika jaribio la wiki 48 lililochapishwa 2002, ya 5% iliotesha nywele kwa 45% zaidi ya ile ya 2%. Utosini ndipo ilipopimwa zaidi. Panjani matumaini yapunguzwe, na hilo ni kweli kwa dawa zote nne.

Minoksidili ya kumeza kwa dozi ndogo, kwa wanaume mara nyingi miligramu 2.5 hadi 5, imeenea sana miaka ya karibuni, yote nje ya idhini. Wengi huamini kidonge lazima kiwe na nguvu kuliko maji ya kupaka. Jaribio lililofanyika Brazili na kuchapishwa 2024 lililinganisha kidonge cha miligramu 5 kwa siku na maji ya 5% mara mbili kwa siku, kwa wiki 24, na kidonge hakikushinda. Faida yake kubwa ni wepesi wa kuitumia, na kwamba huenda ikamsaidia asiyepata kitu kwa kupaka.

Kuna pia finasteridi ya kupaka. Baadhi ya nchi za Ulaya zimeidhinisha ya kupuliza, kwingine huchanganywa na mfamasia. Huingia damuni kwa kiasi kidogo kuliko kidonge, lakini huingia, kwa hiyo usiichukue kama njia ya kukwepa madhara yote. Na iliyochanganywa nje ya kiwanda haina kipimo kimoja kila mahali.

Madhara: hapa usiharakishe

Hapa ndipo mabishano yalipo, na pande zote mbili huongeza chumvi. Katika majaribio ya finasteridi ya miligramu 1, wanaume 3.8% walipata angalau tatizo moja la tendo la ndoa (hamu kushuka, uume kulegea au shahawa kupungua), dhidi ya 2.1% kwa waliopewa kidonge kitupu. Wengi walipona walipoacha, na baadhi walipona huku wakiendelea kumeza. Kwa upande mwingine, mwaka 2012 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza maelezo ya dawa yataje kwamba wapo waliolalamika matatizo yaliendelea hata baada ya kuacha. Watu hao si waongo, na kuwacheka hakumsaidii yeyote. Pia ni kweli kwamba hofu yenyewe hudhoofisha: katika utafiti mmoja wa wanaume waliopewa finasteridi kwa ajili ya tezi dume, walioelezwa kwamba dawa ingeweza kuwaletea matatizo ya kitandani waliyaripoti karibu mara tatu kuliko wasioelezwa.

Jambo ambalo wengi hawalisikii ni la akili. Mwaka 2025 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilithibitisha kwamba mawazo ya kujiua ni madhara yanayoweza kuletwa na finasteridi, na wengi wa walioripoti walikuwa wa kidonge cha miligramu 1, kile cha nywele. Kwa dutasteridi uhusiano huo haukuthibitishwa, ila tahadhari iliongezwa kwenye maelezo yake. Uliyewahi kuugua sonona, mwambie daktari kabla hajashika kalamu, hata asipokuuliza.

Dutasteridi ina madhara ya jamii moja na finasteridi. Tofauti inayonifanya niiogope zaidi ni muda. Nusu ya finasteridi huondoka damuni kwa saa 6 hadi 8, ya dutasteridi inachukua takriban wiki 5. Ukipata tatizo leo ukaacha leo, finasteridi imeondoka ndani ya siku chache, lakini dutasteridi utakuwa nayo kwa miezi. Kwa sababu hiyohiyo, aliyemeza finasteridi husubiri angalau mwezi mmoja kabla ya kutoa damu, na aliyemeza dutasteridi husubiri miezi 6, ili damu isimfikie mama mjamzito.

Mjamzito ndiye mtu wa kulindwa hapa. Dawa hizi mbili zinaweza kuharibu maumbile ya uzazi ya mtoto wa kiume tumboni. Asishike kidonge cha finasteridi kilichovunjika wala kapsuli ya dutasteridi inayovuja, kwani dawa hupita kwenye ngozi. Wanaokata kidonge cha miligramu 5 vipande vinne ili kuokoa fedha wanaacha unga mezani. Kama nyumbani kuna mjamzito, au anaweza kuwepo, usifanye hivyo. Na anayetafuta mtoto ajue dawa hizi zinaweza kupunguza mbegu kwa baadhi ya wanaume.

Jambo jingine: zote mbili hushusha kwa karibu nusu kipimo cha PSA, kile cha damu kinachokagua saratani ya tezi dume. Mpimaji asipojua unameza, namba iliyo mbaya itaonekana nzuri. Mwambie kila unapopimwa.

Minoksidili ya kupaka huwasha na kukausha ngozi, mara nyingi kwa sababu ya kemikali iitwayo propileni glikoli iliyomo kwenye maji. Minoksidili ya povu haina hiyo, ndiyo maana wanaowashwa huhamia povu. Ikitiririka usoni, nywele huota usoni. Wenye paka wawe makini sana: kiasi kidogo tu cha minoksidili kinaweza kumuua paka aliyeramba mkono au mto wako.

Ya kumeza huzunguka mwili mzima, kwa hiyo nywele huota mwili mzima: mashavuni, mikononi, mgongoni. Miguu inaweza kuvimba, moyo kwenda mbio, kichwa kuwa chepesi unaposimama. Katika tathmini ya watu 1,404, wanawake kwa wanaume, waliotumia dozi ndogo, 15.1% waliota nywele za ziada na 1.7% waliacha kwa sababu ya madhara. Namba hizo zinatuliza, lakini mwenye ugonjwa wa moyo au figo, au anayemeza dawa nyingine za presha, asiiguse kabla daktari hajampima.

Inakudai nini kila siku

Finasteridi na dutasteridi: kimoja kwa siku, na chakula au bila chakula, basi. Minoksidili ya kumeza nayo ni hivyohivyo, isipokuwa mwanzoni presha ipimwe.

Kupaka ni kazi, na siwezi kuipunguza kwa maneno. Kichwa kiwe kikavu. Unavuta maji mpaka mstari wa mililita 1 kwenye kidude, unatenganisha nywele kwa vidole, unadondosha tone baada ya tone utosini, na kuyasambaza kabla hayajakimbilia kwenye komo. Ni ngozi inayopaswa kulowa, si nywele. Kosa langu la mwaka wa kwanza lilikuwa hilo: nilizipaka nywele kama mafuta, na nusu ya dawa ikaishia kwenye mto. Osha mikono, subiri ikauke kabla ya kulala, usioshe kichwa kwa saa 4. Jioni, tena. Siku moja utakuwa safarini, utasahau.

Wiki ya nne nilikuta nywele kwenye sinki nyingi kuliko nilivyowahi kuona, na chupa ilibaki kidogo iende kwenye taka. Huko kupukutika mwanzoni, kwa kawaida kati ya wiki ya 2 na ya 8, ni nywele za zamani zinasukumwa na zinazoota. Laiti ningeambiwa kabla! Hutokea kwa ya kumeza pia.

Zote zinadai subira. Minoksidili huhukumiwa kuanzia mwezi wa 4, finasteridi ipewe miezi 12. Piga picha siku ya kwanza, utosi na panja zote mbili, chini ya taa ileile, nywele zikiwa kavu na urefu uleule, kisha urudie kila baada ya miezi 3. Kumbukumbu ya macho haitoshi, utajidanganya kwa upande wa matumaini au wa hofu.

Ukiacha

Hakuna inayoponya. Ukiacha minoksidili, nywele ulizopata kwayo huanza kupukutika ndani ya miezi 3 au 4. Ukiacha finasteridi, faida hurudi nyuma ndani ya miezi 12. Dutasteridi hukawia zaidi kwa kuwa inakaa mwilini, ila mwisho ni uleule. Kwa hiyo pima unachoweza kuendelea nacho kwa miaka 10, maana dawa yenye nguvu inayoachwa baada ya miezi 5 imeshindwa na ile dhaifu inayotumiwa kila siku.

Kwa hali yako

Upara umeanza juzi tu, huna ugonjwa wowote, na unataka zaidi kuzuia: finasteridi ina hoja nzito, kwa kuwa kilichobaki ndicho inachokilinda. Aliye chini ya miaka 18, dawa hii si yake.

Unaogopa madhara ya tendo la ndoa kiasi cha kukosa usingizi: anza na minoksidili ya kupaka. Hofu ya namna hiyo haitaondoka kwa kumeza kidonge, itakaa nawe kila usiku.

Umemeza finasteridi mwaka mzima bila kukosa, picha zinaonyesha bado unapoteza, na mwili haukulalamika: hapo ndipo mazungumzo ya dutasteridi yanapoanza, au ya kuongeza minoksidili, ambayo mimi ningeijaribu kwanza.

Mnatafuta mtoto sasa, au mke ni mjamzito: minoksidili ya kupaka ndiyo yenye maswali machache. Finasteridi jadili na daktari, dutasteridi ingoje.

Umepaka kwa miezi 6 kwa uaminifu bila kuona kitu, au ngozi imekataa hata povu: uliza kuhusu minoksidili ya kumeza, moyo na presha vikishapimwa. Mwenye nywele nyingi za mwili ajiandae kuwa nazo zaidi.

Una miaka 50 na kuendelea na unapata shida ya kukojoa: mweleze daktari mambo yote mawili kwa pamoja, kwani finasteridi ya miligramu 5 na dutasteridi hutibu tezi dume, na dawa moja inaweza kukuhudumia kote kuwili.

Utosi umeshakuwa laini kwa miaka 15: dawa hazitaotesha msitu hapo. Kwa mwenye nywele za kutosha kisogoni, upandikizaji ndio wa kujadili, na hata baada yake utahitaji dawa kulinda nywele za zamani zilizouzunguka.

Na wewe uliyewahi kupitia sonona, au ambaye mawazo mazito yamewahi kukutembelea: minoksidili ya kupaka iwe mlango wako wa kwanza. Kama tayari unameza finasteridi na umeona furaha inakutoka, usingoje chupa iishe. Acha leo, mwambie mtu wa nyumbani, na umwone daktari wiki hii.